Sakania: Gari ya enjeksio ikikataa kuwaka, si kila mara motere imekufa

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kiangazi inapoingia Sakania, magari ya zamani yanaanza kusumbua wenyewe. Saa kumi na mbili ya asubuhi shofere anazungusha ufunguo, motere inazunguka lakini haishiki. Anarudia mara tatu, mara ine, mpaka batri inachoka. Abiria waliotaka kwenda Kasumbalesa wanashuka, wanatafuta gari ingine. Gari inasukumwa mpaka kwa fundi, na kabla ya saa sita jibu linatoka, lile ambalo wenye magari wengi wa Haut-Katanga wamekwisha kusikia: « Papa, motere imeisha. Tutafute ingine. »

Jibu hilo ni jepesi kulisema, lakini ni zito kulilipa. Kwa jamaa inayoishi kwa gari moja ya taxi, motere ya okazio inaweza kula feza za masomo ya watoto, feza za nyumba na akiba yote iliyobaki. Tena inalipwa kwa dola, wakati abiria wanalipa kwa franka. Ubaya zaidi ni pale motere mpya inapowekwa, na asubuhi inayofuata gari inakataa tena kuwaka, kwa sababu ugonjwa haukuwa ndani ya motere hata kidogo.

Magari yanayopita mpakani

Sakania ni mlango wa zamani. Reli kutoka upande wa Zambia ya leo ilifika hapo mwisho wa mwaka wa 1909, kisha ikaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka wa 1910. Leo bidhaa nyingi zinapita kwa barabara, hasa kwa Kasumbalesa, ambayo iko ndani ya territoire hiyo hiyo ya Sakania. Ni kwa njia hiyo sehemu kubwa ya magari ya Japani yanaingia Katanga: yanashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, yanapita Tunduma, yanavuka Zambia, kisha yanaingia Kongo. Ndiyo maana usukani wa magari mengi ya Lubumbashi na Sakania uko upande wa kuume, ingawa katika Kongo watu wanatembeza gari upande wa kuume wa barabara, tofauti na Zambia na Tanzania.

Biashara hiyo ni kubwa kupita mipaka ya Katanga. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti mwezi wa kumi mwaka wa 2020 iliyoonyesha kwamba kati ya mwaka wa 2015 na wa 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumiwa yaliuzwa inje na Ulaya, Japani na Marekani. Karibu magari ine katika kila kumi yalikuja Afrika. Inchi fulani za jirani zimeweka mpaka wa umri: Kenya haipokei gari inayopita miaka 8, na Uganda tangu mwaka wa 2018 imekataza kuingiza ile inayopita miaka 15.

Barabarani Sakania, lakini, Toyota Corolla au Carina ya miaka ya 1990 bado inafanya kazi kila siku. Motere zake, kama 4A-FE ya lita 1,6 na 5A-FE ya lita 1,5, zinajulikana kwa kuvumilia. Kinachozeeka mbele ya chuma ni vile vitu vidogo vinavyoizunguka: nyaya, mipira ya hewa, pompi, na vifaa vya kupima.

Namna enjeksio inavyofanya kazi

Gari ya zamani zaidi ilikuwa na karburateri, ambayo inavuta esanse kwa nguvu ya hewa. Gari ya enjeksio inatumia kalkulateri, sanduku ndogo ya elektroniki inayoamua ni esanse kiasi gani itupwe ndani ya motere na kwa wakati gani. Kalkulateri haina macho. Inategemea kapteri, vile vifaa vidogo vinavyopima joto la maji, nguvu ya hewa inayoingia, mwendo wa motere na mahali pedali ya gazi ilipo. Kapteri ikitoa habari ya uongo, kalkulateri inafanya kazi ya uongo, hata kama motere yenyewe ni nzima.

Mfano mzuri ni kapteri ya joto la maji. Asubuhi ya baridi, motere inahitaji esanse nyingi zaidi ili ishike. Waya wa kapteri hiyo ukikatika, kalkulateri nyingi za Toyota zinaamini kwamba maji yamekwisha kupata joto la nyuzi 80, kwa hiyo zinatoa esanse kidogo. Motere inazunguka bure. Kapteri ikikosea kwa upande mwingine, ikasema kuna baridi kali wakati motere ina moto, esanse inamwagika nyingi: moshi mweusi unatoka, bujii zinalowa, na matumizi yanapanda. Katika hali zote mbili, mtu asiyepima anaweza kusema motere imechoka. Kumbe ni kifaa kinachoshikwa kwa vidole viwili.

Kuna pia jambo la mahali. Lubumbashi na Sakania ziko juu ya mita 1.200 kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Gari yoyote isiyo na turbo inapoteza nguvu kidogo ikifika Katanga. Mtu aliyenunua gari iliyoonekana na nguvu bandarini asishangae ikipanda mlima polepole huku. Hiyo peke yake si ugonjwa.

Kupima kwanza, kununua baadaye

Motere ya esanse inahitaji vitu vine: esanse, moto wa bujii, hewa, na kompresio, yaani nguvu ya kukandamiza hewa ndani ya silinda. Kazi ya fundi ni kutafuta kipi kati ya vine kimekosekana, akianza na vile vinavyopimwa bila gharama kubwa.

Cha kwanza ni batri na nyaya zake. Batri iliyochoka inaweza kuzungusha motere lakini ikaacha kalkulateri bila umeme wa kutosha. Waya ya masi, ile inayofunga motere na mwili wa gari, ikiwa na kutu, inaleta magonjwa yanayokuja na kwenda bila mtu kuelewa sababu. Kuifungua, kuikwangua na kuifunga tena ni kazi ya dakika kumi.

Cha pili ni esanse yenyewe. Wengi wananunua kwa kadafi, wauzaji wa bidoni kando ya barabara. Si kila kadafi anachanganya, lakini bidoni inaweza kubeba maji na uchafu bila muuzaji kujua. Njia ya kupima ni rahisi: kumwaga esanse kidogo ndani ya chupa nyeupe, kuiacha itulie, na kuangalia chini. Maji ni mazito kuliko esanse, yatakaa chini na mstari utaonekana. Kipimo hicho kifanyike mbali na moto na mbali na sigara.

Kisha inakuja pompi ya esanse. Hapa mafundi wengi wanadanganyika. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, pompi haifanye kazi kwa kufungua kontakti tu. Inafanya kazi wakati motere inazungushwa. Kwa hiyo kukosa sauti ya pompi mbele ya kuzungusha ufunguo si ushahidi kwamba imekufa. Inafaa mtu mmoja azungushe ufunguo, mwingine asikilize kwenye tanki. Kabla ya kuinunua ingine, fizibli iliyoandikwa EFI na rele yake viangaliwe. Filtri ya esanse iliyozibwa nayo inaonyesha dalili zilezile za pompi mbovu: gari inawaka, lakini ikipanda mlima inakufa nguvu.

Cha tatu ni moto. Bujii zitolewe na kusomwa. Bujii iliyolowa inaonyesha esanse inafika lakini moto hauwaki. Bujii kavu baada ya kuzungusha motere muda mrefu inaonyesha esanse haifiki. Katika 4A-FE na 5A-FE nyingi kuna distributeri. Kifuniko chake kikipasuka, asubuhi zenye unyevu moto unapotea njiani.

Cha ine ni hewa. Vumbi la kiangazi linaziba filtri ya hewa. Mipira midogo ya hewa ikipasuka, ralanti inapanda na kushuka yenyewe, motere inahema kama mgonjwa. Mpira mmoja wa bei ndogo umekwisha kupeleka magari mengi kwenye hukumu ya kubadilisha motere.

Taa inayosema

Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayasomwi na skaneri ndogo za simu zinazouzwa leo. Skaneri hizo zinafuata utaratibu uliolazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka wa 1996, na Ulaya kwa magari ya esanse karibu na mwaka wa 2001. Fundi akiunganisha skaneri na isiongee kitu, si lazima kalkulateri iwe imekufa. Mara nyingi gari inaongea luga ingine.

Luga hiyo inasomwa na waya moja fupi. Chini ya kapo ya Toyota nyingi za wakati huo kuna kisanduku chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani, matundu yana majina, na majina hayo yameandikwa upande wa ndani wa kifuniko. Fundi anaunganisha tundu la TE1 na la E1, anafungua kontakti bila kuwasha motere, halafu anaangalia taa ya motere kwenye tablo. Ikipepesa haraka bila kusimama, hakuna kosa lililoandikwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika kidogo, kisha mara mbili tena, hiyo ni kodi 22: kapteri ya joto la maji. Kodi 31 inahusu kipimo cha hewa inayoingia, 41 inahusu mahali pedali ya gazi ilipo, na 14 inahusu alama ya moto wa bujii. Tahadhari ni moja: kukosea tundu kunaweza kuunguza kitu, kwa hiyo asiyeweza kusoma majina ya matundu asiguse.

Kodi haisemi « nunua kapteri ». Inasema tatizo liko katika njia hiyo. Waya unaweza kuwa umekatwa na panya. Kapteri ya joto inapimwa kwa multimetri: kwa nyuzi 20 inapaswa kuwa kati ya omu 2.000 na 3.000, na kwa nyuzi 80 kati ya 200 na 400. Ikiwa namba ni nzuri, shida iko kwenye waya au kwenye masi. Baada ya kutengeneza, kontakti inafungwa, fizibli ya EFI inatolewa kwa muda mfupi ili kumbukumbu ya zamani ifutike, kisha gari inajaribiwa upya.

Kompresio ndiyo inatoa hukumu

Ikiwa esanse, moto na hewa ni vizuri, ndipo fundi ana haki ya kuuliza afya ya motere yenyewe. Kifaa cha kompresio si cha bei kubwa, na garaje inayouza motere bila kuwa nacho inauza kwa kukisia.

Motere iwe na moto, bujii zote zitolewe, umeme wa moto na wa enjekteri ukatwe, pedali ya gazi ikanyagwe mpaka mwisho, halafu kila silinda ipimwe. Kwa motere hizi za Toyota, kiwango cha chini ni karibu kilo 10 kwa sentimita moja ya mraba, na tofauti kati ya silinda na silinda isipite kilo 1. Kwa sababu ya hewa nyepesi ya Katanga, kipimo cha Sakania kitakuwa chini kidogo kuliko kile cha pwani, hata kwa motere nzima. Kwa hiyo tofauti kati ya silinda inasema mengi zaidi kuliko namba yenyewe. Silinda ine zenye 9 na nusu zinaweza kuendelea na kazi. Tatu zenye 11 na moja yenye 5, hapo kuna jambo.

Silinda ikiwa chini, fundi anamwaga kijiko cha mafuta ya motere ndani yake na kupima tena. Namba ikipanda, segma ndizo zimechoka. Isipopanda, ni soupape au joani ya kulasi. Majibu hayo mawili hayana bei moja. Joani ya kulasi na soupape zinaweza kutengenezwa bila kutupa motere yote. Maji yanayochemka kwa mapovu ndani ya radiateri, mafuta yaliyogeuka kama maziwa, na moshi mweupe usiokwisha vinaelekeza huko. Moshi wa rangi ya buluu pamoja na mafuta yanayopungua kila juma vinaelekeza kwenye segma. Mlio mzito wa chuma kutoka chini, unaofuata mwendo wa motere, ndio mbaya kuliko yote.

Kubadilisha: ipi, na kwa namna gani

Ikiwa hukumu imetoka na motere imekufa kweli, swali linabaki: kutengeneza, kubadilisha kwa ileile, au kuweka ya aina ingine?

Kubadilisha kwa ileile, 5A-FE mahali pa 5A-FE, ndiyo njia fupi. Mahali pa kufungia ni pamoja, nyaya ni zilezile, sanduku la vitesi linabaki. Vijana wengine wanapenda kuweka motere mpya zaidi, kama 1NZ-FE ya lita 1,5 iliyokuja karibu na mwaka wa 2000, ile inayopatikana katika Toyota Ist na Probox. Ina mnyororo mahali pa mkanda wa distribusio, na pyesi zake ni nyingi sokoni. Lakini motere hiyo haiingii peke yake. Inahitaji kalkulateri yake, nyaya zake zote, mara nyingi sanduku lake la vitesi, na kazi ya kuchomelea mahali pa kuifungia. Baadhi ya hizo zina pedali ya gazi ya elektroniki, na ufunguo wenye alama ya siri ambao kalkulateri inaudai. Mwenye gari akinunua motere bila vitu hivyo, anaweza kubaki na chuma kizuri kisichowaka kwa miezi.

Motere ya okazio inunuliwe kwa macho wazi. Kilometri zake hazijulikani. Izungushwe kwa mkono, bujii zisomwe, kifuniko cha mafuta kifunguliwe: tope jeusi ndani linaonyesha vidanji haikufanywa. Matundu ya maji yenye kutu nyingi yanaonyesha ilitumiwa bila maji ya radiateri yanayofaa. Kompresio ipimwe mbele ya mnunuzi kama inawezekana, na siku za garanti ziandikwe kwenye fakture, si kwa mdomo tu. Kabla haijaingia ndani ya gari, mkanda wa distribusio, pompi ya maji, joani za mafuta na termostati vibadilishwe, maana kuvifikia baadaye ni kulipa kazi mara mbili.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni sababu ya kifo cha kwanza. Kwa urefu wa Sakania maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko cha radiateri ndicho kinashikilia presha ili yasichemke mapema. Kifuniko kibovu, ventilateri isiyozunguka au radiateri iliyozibwa vimeua motere ya kwanza. Vikiachwa, vitaua na ya pili.

Mwisho kuna hesabu na karatasi. Bei ya motere si bei ya kazi. Kuna usafiri kutoka Lubumbashi, mafuta, mipira, mkono wa fundi, na siku ambazo gari haizai feza. Jumla hiyo ikikaribia bei ya gari ingine inayotembea, kuuza kwa pyesi kunaweza kuwa na akili zaidi. Na kwa kuwa kila motere ina namba yake, fakture inayoonyesha namba hiyo na mahali ilipotoka ihifadhiwe pamoja na karte roze, na mwenye gari aulize mapema kwa ofisi inayohusika namna ya kuandikisha badiliko hilo. Motere isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi, na mwenye kuinunua ndiye atakayeulizwa barabarani.

Ikumbukwe kwamba fundi mwenye kupima anapaswa kulipwa kwa kupima. Wenye magari wengi wanakubali kulipa pyesi, lakini wanakataa kulipa saa moja ya kutafuta ugonjwa, na hivyo wanamsukuma fundi auze pyesi. Shofere wa Sakania anayetoa feza kidogo asubuhi ili bujii zisomwe, kodi ihesabiwe na kompresio ipimwe, anaweza kujua kabla ya jioni kama anahitaji motere, joani, au waya moja tu.